Jiwe Halina Plagi

Mbumbuni, Makueni
14 Januari 2025

Kwa Mjomba Ndeti,

Wi museo, Mjomba? Sisi huku hatujambo, tunakula na kulala. Mama magoti yanamsumbua baridi ikiingia, lakini mdomo uko sawasawa, na ameniagiza nikuambie kwamba kaka mwema humtembelea dada yake kabla ya kuitwa matangani. Hayo ni yake, mimi nimefikisha tu. Watoto wamefungua shule. Mvua ilitudanganya, mahindi yamekauka yakianza kutoa nywele, ila mbaazi zimesimama.

Sasa nikupe habari yenyewe. Kile kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kimenunua pikapu! Si mpya, imezunguka Kenya hii yote kabla ya kufika kwetu, lakini ni yetu. Na anayeushika usukani ni mimi, Mbithe, mwana wa dada yako. Wazee wa kanisa walimtaka Nzuki, yule wa lori la mchanga, wakisema mwanamke na mlima havipatani. Mwenyekiti wetu, Mama Katunge, akawasimamia palepale ibadani: "Pikapu ni ya akina mama, itaendeshwa na mama." Unamjua Katunge. Akishasema, hata mchungaji hutafuta wimbo wa kufungia.

Lakini Mjomba, pikapu inakohoa. Kwenye tambarare inateleza vizuri. Nikianza kupanda mlima na mzigo inatetemeka, inamisi, inaishiwa nguvu, na ile taa ya injini inapepesa. Fundi Ndolo wa hapa sokoni amebadilisha pampu ya petroli, amebadilisha chujio, sasa anataka kuifungua injini yote. Na mwisho wa mwezi wa nne tumepata kazi ya kubeba avokado za Kilungu hadi Mombasa Road. Mashamba yenyewe yako mabondeni, kwa hiyo lazima kwanza upande na mzigo mpaka kileleni. Safari ya kwanza ikinishinda, usukani anapewa Nzuki. Wamelisema mbele yangu, bila haya. Mimi usukani huu sitoi, Mjomba. Nimeungoja mno.

Ni wewe uliyenifundisha gia hapo Matinyani. Watu walikuwa wakitoka mbali kukuletea injini uzisikilize tu, na ukishazisikiliza umemaliza. Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Inaita, hushiki. Kulikoni?

Mpwa wako,
Mbithe


Matinyani, Kitui
23 Januari 2025

Mbithe, mwana wa dada,

Barua yako imefika kupitia steji ya Machakos, imekunjwa vibaya lakini inasomeka. Tuko salama. Shangazi yako Ndila amenunua mbuzi wawili wenye tabia mbaya. Juzi wamekula shati langu la kanisani likiwa kwenye kamba, wakaacha vifungo. Mwambie mama yako ujumbe nimeupata, na akae juani asubuhi.

Mambo ya simu achana nayo. Simu ni ya haraka, na injini haitaki haraka. Wewe andika, mimi nitajibu.

Mwambie Ndolo aweke spana chini. Mtu akikohoa hapasuliwi tumbo kwanza. Injini yenu ina silinda nne. Ni kama watu wanne waliombeba mgonjwa kwa kitanda. Kwenye tambarare mmoja akilegea, wenzake wanavumilia. Mlimani atajulikana. Kazi yako ni kumtafuta huyo mvivu.

Fungua boneti. Katikati ya injini, pale juu kabisa, utaona waya nne nene, kila moja imeingia kwenye shimo lake na kofia ya mpira. Chini ya shimo ndiko plagi inakokaa ikipiga cheche. Zima injini, chomoa waya moja, kisha washa. Ikitetemeka zaidi, huyo alikuwa akifanya kazi, mrudishie waya yake. Zima tena kabla ya kugusa nyingine, umeme wa plagi haumjui mtu. Ukichomoa moja na injini isibadilike hata kidogo, umempata mvivu wako.

Tena usiniandikie tu kwamba "imebadilika". Niandikie inavyolia, kwa herufi, kama mtoto anayeiga gari. Na uweke kiganja nyuma ya ekzosi uniambie pumzi inavyokupiga. Halafu injini ikishapoa, toa plagi zote nne, ifunge kila moja kwa karatasi yake na nambari yake, unitumie. Ukizichanganya nitajua.

Mjomba wako,
Ndeti


Mbumbuni
6 Februari 2025

Mjomba wangu mkali,

Nyumba nzima inakusalimu, na pole kwa shati. Mama anasema mbuzi wale wana akili, shati lile lilistahili kuliwa miaka mingi. Mtoto wa mwisho wa dada yangu Ndunge ameanza kutembea na sasa hakuna sufuria iliyo salama.

Nimefanya ulivyosema. Kila Ijumaa tunaiombea pikapu uwanjani kwa kanisa, boneti ikiwa wazi, kwa hiyo maombi yalipoisha nikabaki nayo. Nilipochomoa waya ya kwanza injini ikapepesuka kama mlevi: tu-pf-tu-pf-tu, nikadhani itazima. Ya nne vilevile. Ya pili ikatikisika kidogo tu. Ya tatu, Asi! Mjomba, nilichomoa waya na injini haikujua! Iliendelea na wimbo wake uleule wa kuchechemea, tuku-tuku-tuku-pf, tuku-tuku-tuku-pf. Nikapiga kelele, "Nimempata!" Nzuki alikuwa ameegemea lori lake akitucheka. Aliacha kutafuna.

Kiganjani pumzi inapiga, inapiga, inapiga, halafu inaruka moja, kama mtu mwenye kwikwi. Na inanuka petroli mbichi.

Plagi ndizo hizo, kwa karatasi za kalenda ya mwaka jana. Kutoa ya tatu kulinitoa jasho. Akina mama walinizunguka wakiimba kana kwamba najifungua.

Niambie basi. Na simu uitie chaji.

Mbithe


Matinyani
17 Februari 2025

Mbithe,

Hatujambo. Mbaazi tumevuna, Ndila amepika muthokoi wa kutosha kijiji na bado ananiuliza kwa nini sinenepi. Plagi zako nimezipanga dirishani kwenye mwanga, nimezitazama mchana kutwa.

Zote nne zimezeeka. Ncha ya katikati inatakiwa kuwa na kona kali, cheche hupenda kona. Hizi zimelika zikawa mviringo kama kipande cha mwisho cha sabuni. Na nafasi kati ya ncha na ule ulimi wa juu yake imepanuka sana. Cheche ilipewa mtaro iruke, nyinyi mmeipa mto. Kwenye tambarare inajaribu. Mlimani na mzigo silinda inabana zaidi, cheche inashindwa, petroli inatoka bila kuungua. Ndiyo ile harufu, na ndiyo taa ile. Ikipepesa ondoa mguu, usiilazimishe, utaunguza ekzosi.

Ya kwanza na ya nne zina rangi ya biskuti. Hiyo ni afya. Ya pili na ya tatu zina masizi, na shingo zao nyeupe za kauri zimelowa mafuta upande wa nje. Upande wa nje, Mbithe. Mafuta hayo hayakutoka ndani, yameingilia juu, kwenye shimo. Umeme ukifika hapo unateremkia pembeni badala ya kwenda kwenye ncha. Nadhani gasketi ya kile kifuniko cha juu inavuja. Ibadilishe.

Nunua plagi mpya nne zenye nambari ya kwenye kitabu cha gari, si zile muuza duka atakuapia zinafanana. Pima nafasi ya kila moja. Kausha mashimo. Zianzishe kwa vidole, si kwa spana. Ikikataa usishindane nayo, irudishe nyuma uanze upya. Ikishakaa, kaza kidogo tu. Wewe si Nzuki.

Simu ina chaji.

Ndeti


Mbumbuni
9 Machi 2025

MJOMBA!

Salamu baadaye! Mama hajambo, wote hatujambo, pikapu haijambo! Plagi mpya, gasketi mpya, na leo nimepanda mlima wa Mbooni na simiti ya kanisa, gia ya tatu, Mjomba, ya tatu! Inavuta kama ng'ombe aliyeona maji. Mama Katunge alikuwa kando yangu akishika mlango kwa mikono miwili na kucheka. Ijumaa tutaiombea kwa shukrani, na Katunge akishukuru, jua huzama.

Ndolo amenuna. Nzuki anasema ni bahati. Waseme.

21 Machi

Barua hii sikuwa nimeituma, na sasa naimalizia kwa machozi. Imerudi. Kikohozi kilekile, mlima uleule. Nimechomoa waya: ni ya tatu tena, na ya pili inaanza kuiga. Nimechungulia mashimo yake, yana mafuta. Gasketi mpya kabisa, Mjomba! Nimepitisha kidole ukingoni kwake kote, ni kukavu.

Kikao kimekaa. Safari ya kwanza ya Kilungu ni Jumamosi ya tarehe 26 Aprili. Wazee wameamua Nzuki apande nami, akae kiti cha kando, na pikapu ikishindwa njiani ashike usukani, na asiuachie tena. Katunge alibisha, lakini safari hii alibisha peke yake.

Nakuomba kitu kimoja. Njoo Mbumbuni uisikilize. Mara moja tu, kwa masikio yako. Nitakufuata mwenyewe mpaka mlangoni. Ukiisikiliza dakika moja utajua, kama ulivyojua zote.

Mbithe wako


Mbumbuni
2 Aprili 2025

Mjomba,

Natumaini mko wazima. Sisi tuko.

Hukunijibu. Nikampigia shangazi, nikamwambia nataka kuongea nawe. Akasema uko shambani. Na nyuma yake nakusikia wewe mwenyewe ukigombana na mbuzi! Sauti ni yako, hata matusi ni yako. Nikasema, "Shangazi, si huyo hapo?" Akasema network inakatika, akakata.

Kama nimekukosea sema. Kama unaona aibu kwamba mwana wa dada yako ni dereva, sema pia, nijue. Wiki ijayo ikipita bila neno lako nitamwachia Ndolo aifungue hiyo injini, liwe liwalo.

Mbithe


Matinyani
6 Aprili 2025

Mbithe,

Hujanikosea. Na aibu sina, nimewasimulia watu wa soko lote la Matinyani habari ya mlima wa Mbooni, wengine mara mbili. Ila kuja siji, na usiniulize sababu.

Ndolo asiguse kitu. Nimekuwa nikifikiri. Gasketi ni mpya na ukingo wake ni mkavu, basi mafuta hayatoki kwenye injini. Chovya kidole kwenye shimo la tatu. Mafuta ya injini iliyotembea ni meusi na yananuka kuungua. Hayo yako yana rangi gani? Yasugue kati ya vidole. Yanuse, usione haya. Kisha uniambie ni nani mwingine anayefungua boneti hiyo, na anafanya nini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jibu upesi, siku zinakwisha.

Ndeti


Mbumbuni
10 Aprili 2025

Mjomba, Mjomba, Mjomba,

Salamu zote chukua, hata zile ambazo sijaandika. Keti kwanza.

Nilichovya kidole. Mafuta ni ya dhahabu, masafi kama ya dukani. Nikanusa. Nikajiambia, harufu hii naijua. Si ya gereji. Ni ya Jumapili, ya kichwa changu mwenyewe nikitoka madhabahuni kuombewa. Ni mafuta ya upako!

Kila Ijumaa tukiiombea pikapu, Mama Katunge huinua chupa na kusema, "Tunaufunika moyo wa gari hili." Na moyo kwake ni pale katikati juu kabisa, zinapoingia zile waya. Anamimina hapo, silinda ya pili na ya tatu. Sisi wote tumefumba macho! Ilipoanza kukohoa akaongeza mafuta. Ulipoitengeneza akamimina chupa nzima kwa shukrani. Miezi yote hii tumekuwa tukiomba pikapu ipone huku tukiitilia ugonjwa kwa chupa.

Nimecheka peke yangu pale uwanjani mpaka mbavu zikauma, halafu kicheko kikakatika. Nani atamwambia Katunge? Huyu ndiye aliyesimama na wazee kwa ajili yangu. Ndiye aliyefunga na kuomba Mama alipolazwa. Nikimwambia maombi yake ndiyo yanayoua injini, nitamvunja moyo mbele ya kanisa, na Nzuki atapata la kusimulia hadi uzee. Nikinyamaza, kesho ni Ijumaa na nyingine inafuata, na Kilungu tutalala bondeni na avokado zetu. Kesho nimesingizia tumbo, pikapu haitoki. Ijumaa ya pili sina tumbo la kusingizia.

Mbithe


Matinyani
14 Aprili 2025

Mbithe mwanangu,

Ndila alikuja mbio akidhani nimepatwa na kitu, kumbe ni kucheka. Nimetengeneza injini zilizolala mtoni, zilizozaliwa panya ndani, zilizotiwa sukari na mke wa pili. Iliyopakwa upako ni ya kwanza.

Kausha mashimo yote kwa kitambaa kwenye kijiti, rudia mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Kofia za mpira zimeshakula mafuta, zimevimba, hazishiki. Weka seti mpya ya waya na kofia zake. Plagi ya pili na ya tatu zisafishe, zikikataa zibadilishe. Utapanda.

Kwa Katunge, nenda wewe. Usimpeleke mtu, usiandike, usimwachie mchungaji. Mwulize kwa upole ni wapi kwenye Biblia mafuta yalimiminwa kwenye mashine. Walipakwa watu: wafalme na makuhani. Hana jibu la hapo.

Ndeti


Mbumbuni
27 Aprili 2025

Mjomba Ndeti, kaka wa mama yangu, fundi wa mafundi!

Mama hajambo, leo hata magoti yamecheza. Sina subira ya salamu nyingine.

Kwanza, Katunge. Ushauri wako nusura uniue! Nilimpata Jumatano akipanga viti kanisani, akina mama wengine wakifagia. Nikamwuliza kwa upole kama ulivyosema. Akanitazama juu ya miwani: "Mbithe, Biblia husomi? Yakobo alimimina mafuta juu ya jiwe pale Betheli. Jiwe lilikuwa mtu?"

Asi! Kisha likanitoka kabla sijalizuia: "Lakini Mama, jiwe halina plagi."

Ufagio ukasimama. Nikajua nimekwisha. Yeye akaweka kiti chini, akasema, "Nionyeshe." Tukatoka. Nikachomoa kofia ya tatu, akachovya kidole chake mwenyewe, akanusa. Akaitazama chupa yake ndogo kwenye mkoba. Akanusa tena. "Kumbe ni mimi?" akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikikufanya ushindwe na mlima?" Machozi yakamlengalenga, na mimi yangu tayari yalikuwa shingoni. Halafu mwanamke huyo akaanza kucheka, Mjomba, akacheka mpaka akaegemea taa ya pikapu, na akina mama wakajua wameruhusiwa, uwanja mzima ukalipuka. Alipojipangusa akaniambia, "Inama." Nikainama. Akanimiminia mafuta kichwani mpaka yakaingia masikioni. "Basi Bwana ampake dereva," akasema, "injini tumwachie mjomba wako."

Siku ile ile nikakausha mashimo, nikaweka waya mpya, kila kitu kwa vidole kwanza.

Jana ndiyo jana. Nzuki amekaa kando yangu, miguu imekunjwa, ameshika funguo zake za lori kana kwamba ndizo zitaendesha. Bondeni Kilungu tulipakia avokado mpaka springi zikalala. Watu wa pale wakatoka kwenye vijia kuja kuona mama dereva. Nikawasha. Tulianza kupanda kuelekea Nunguni, kona ya kwanza, ya pili. Nzuki akasema, "Itamisi hapa." Haikumisi. "Rudisha gia, itazima." Sikurudisha. Kwenye ile kona mbaya yenye mwamba, palipo na alama za magari yaliyoshindwa, nilikanyaga mafuta, Mjomba, nikasikia nne zote zinavuta, tukutukutukutuku bila pengo, na lile gari likapanda! Mama Katunge na wenzake walikuwa wametangulia juu kileleni. Nilisikia vigelegele kabla ya kuwaona. Nililia huku naendesha, na sikuona haya hata kidogo.

Tukafika Mombasa Road. Tukiwa tunapakua, Nzuki akaja polepole: "Huyo mjomba wako, lori la dizeli anaweza?"

Usukani ni wangu. Kikao kimeandika hivyo, na wazee wakapiga makofi, wengine kwa vidole viwili.

Lakini jana nilikutafuta kwenye lile kundi la watu kileleni. Nilijua hutakuwepo na bado nikakutafuta. Niambie sasa, Mjomba. Sitakasirika.

Mbithe


Matinyani
7 Mei 2025

Mbithe mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, Ndila akapiga vigelegele, naambiwa, mpaka majirani wakaja. Naambiwa. Mimi sikuvisikia.

Masikio yangu yamekufa. La kushoto lilitangulia, la kulia likalifuata mwaka juzi. Zile injini zote nilizoinamia bila kuziba masikio, ndizo zilizoyala. Siku moja mteja aliniletea gari, nikainamisha kichwa kama kawaida, na hakukuwa na kitu. Kimya kitupu. Nilimwambia mgongo unauma, nikafunga gereji, na mgongo huo ndio niliowaambia watu wote. Simu yako nilikuwa naiona ikiwaka na kutetemeka mezani, jina lako limeandikwa hapo, na sina la kufanya nayo. Ulipoandika "njoo uisikilize" nililia. Mwanamume mzima, mbele ya mbuzi. Nilikuwa nimeshajiambia fundi asiyesikia injini ni mzigo kwa mkewe tu.

Halafu wewe ukaniletea mlio kwa herufi, pumzi kwa kiganja, rangi kwa karatasi ya kalenda, na harufu. Waliokuwa karibu na pikapu hiyo walikuwa na masikio mazima na hawakuijua. Mimi niliijua nikiwa Matinyani. Nimelala na jambo hilo, nimeamka nalo, nimeshindwa kulikataa. Mimi bado ni fundi!

Mficha uchi hazai. Jumatatu nilifungua gereji. Nimewaambia watu wote kanisani, kwa mdomo wangu, kwamba sisikii, na kwamba anayeleta gari aandike au aonyeshe kwa mikono. Nilidhani watacheka. Mzee Nthiwa wa kinu cha posho alikuja asubuhi hiyo hiyo na injini yake inayotetemeka. Nikaweka kiganja juu ya kifuniko, nikafumba macho, nikaipata kabla chai haijapoa. Alinikumbatia, mzee yule ana nguvu. Ndila amenipeleka Kitui kwa daktari wa masikio, na daktari anasema la kulia linaweza kusaidiwa kidogo kwa kifaa cha kusikilizia. Likisaidiwa, vizuri. Lisiposaidiwa, kazi itaendelea.

Mwambie Nzuki alete lori.

Ndeti, fundi


Mbumbuni
11 Mei 2025

Mjomba wangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi, nikampelekea Mama, naye hakusema chochote cha kuudhi. Alikaa nayo mapajani, akalia, akasema, "Mwambie kaka yangu nakuja mwenyewe." Magoti na yote.

Mama Katunge amekisomea kikao barua hiyo. Imeamuliwa bila kupiga kura: pikapu ya akina mama wa Mbumbuni itahudumiwa Matinyani, kwa Ndeti, na si kwingine. Tunakuja Jumamosi, wote, wengine mbele na wengine nyuma na jembe la kugonga wakiimba. Nzuki anatufuata na lori.

Honi nitaipiga Machakos, nitaipiga Kitui mjini, nitaipiga soko lote la Matinyani, ili kila aliyesema Ndeti amekwisha atoke nje aone tunaenda kwa nani. Lakini nikifika langoni kwako nitazima injini, niwanyamazishe akina mama, niingie peke yangu kwa miguu mpaka hapo ulipoinama, nikushike bega.

Mbithe